Kichuguu Ndani ya Nyumba ya Regina

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Waisiko ni kwamba hapungi mkono. Sisi wengine tuliosimama shambani kwake asubuhi ile tulikuwa tunapunga kama watu wanaoaga basi. Vidudu vyeusi, vidogo kama punje ya mtama, vilikuwa vinatua kwenye nywele, ndani ya masikio na kwenye kona za macho. Yeye alisimama katikati yao akieleza habari za maboga yake, na kimoja kilikuwa kimetulia chini ya jicho lake la kushoto kikinywa jasho. Hakukigusa. Alimaliza kwanza alichokuwa anasema, kisha akatuambia bila kubadilisha sauti, "Acheni kupunga. Mnawachosha."

"Hawaumi?" mmoja wetu akauliza.

"Watauma kwa kitu gani? Hawana mwiba. Hawa ni nyuki wadogo, wasiouma. Wanachoweza ni kukuudhi tu, kama shemeji yangu."

Watu wakacheka. Sikujua kwamba shemeji mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu. Anaitwa Simioni, mdogo wa marehemu mume wa Waisiko, mtu mrefu anayependa kuvaa koti hata wakati wa jua. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo muda mfupi uliopita, nikajitolea kufanya kazi na kikundi cha wakulima wa Busawe. Nilikwenda pale kwa ajili ya maboga, nikarudi tena na tena kwa ajili ya mwenye maboga. Haya ninayoandika, mengine niliyaona kwa macho, na mengine nilisimuliwa na Waisiko na Regina, ambao mara nyingi walisimulia wote wawili kwa wakati mmoja.

Regina ni mke wa Waisiko. Kwa msomaji asiyetoka Mara, naona nieleze. Kwa Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake na wachukue jina la nyumba hiyo. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Waisiko alifiwa na mume wake, mzee Nyangwine, bila kupata mtoto. Alitoa ng'ombe mbele ya wazee, nyama ikaliwa, na Regina akaletwa kutoka upande wa Tarime. Sasa kuna watoto wawili pale nyumbani, na wote ni wa Nyangwine.

"Watu wanafikiri nililazimishwa," Regina aliniambia siku moja huku anatwanga. "Wanaume waliokuja kwetu kuniposa walikuwa wawili. Mmoja alilewa siku ya kuja, na mwingine alilewa siku ya kurudi kuchukua jibu. Huyu mama alikuja akiwa na akili zake zote. Ningemchagua nani?"

Waisiko alikuwa anamsikiliza. "Na mimi nilikuta anajua kubishana," akasema. "Nikajua nyumba yangu haitanyang'anywa."

Utoto wake Waisiko aliupitishia machungani, akifuata ndama kilimani. Watoto wote wa machungani walijua kwamba ndani ya baadhi ya vichuguu wanaishi nyuki wadogo wenye asali nyepesi, yenye uchachu mtamu. Unatafuta tundu dogo lenye kimrija cha nta kama mrija wa soda, unavunja kichuguu, unanyonya mpaka mikono inanata, basi. Mwaka unaofuata ukienda pale hakuna kitu. "Tulikula kama majambazi," aliniambia. "Na majambazi hawali sehemu moja mara mbili."

Alipoolewa Busawe alikuta kichuguu katikati ya shamba la mume wake, kimo chake kinafika kifuani, na kwenye ubavu wake kuna kimrija. Mzee Nyangwine alitaka kukivunja apate udongo wa matofali. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, kila fundi anajua. Bibi harusi, ambaye hata hereni za harusi alikuwa hajazivua, akasema hapana. Walinuniana siku kadhaa. Mwishowe mzee akaenda kufyatua matofali kwa udongo wa mtoni, na nyumba yao ikapata nyufa mapema. Kila mvua iliponyesha alikuwa anamwonyesha mke wake nyufa zile. Waisiko naye alikuwa anamwonyesha kibuyu cha asali.

Alitengeneza njia yake mwenyewe ya kuvuna. Upande ulio mbali na kimrija alichimba tundu la kuingiza mkono mpaka begani, taratibu, hadi akafika kwenye chumba cha nyuki. Huko ndani asali haikai kwenye masega kama ya nyuki wakubwa. Inakaa kwenye vifuko vya nta vya rangi ya kahawia, vimeshikamana kama matunda ya mkuyu kwenye shina. Anatoboa vifuko vya pembeni kwa mwiba, anakinga kibuyu, na vile vya katikati, karibu na watoto wa nyuki, havigusi. Kisha anaziba tundu kwa kitako cha chungu kilichovunjika, anakandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Tundu hilo analiita mlango wa nyuma. Anavuna mara moja kwa mwaka, na asali yenyewe haijazi hata ndoo ndogo. Lakini watu hutoka Morotonga kuitafuta kwa ajili ya vikohozi, na wengine wana ndugu Sirari wanaowapigia simu kuuliza kama imebaki.

Maboga ndiyo faida kubwa zaidi. Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likiwa kali limeshajifunga. Kama nyuki hakupita katika saa zile chache, kiboga kinakua kufikia ukubwa wa yai, kinageuka njano, kinaanguka. Waisiko hakuwahi kukosa nyuki wa alfajiri, kwa sababu walilala shambani.

Halafu ikaja rashi, watu kukimbilia dhahabu.

Mtu mmoja alipata dhahabu upande wa pili wa kilima. Nasikia ilikuwa kipande kinachotosha kuziba jino, ila habari yake ilifika Geita ikiwa na ukubwa wa ngumi. Muda si mrefu kilima kilijaa mahema ya turubai, maduara ya kuchimbia yakafunguliwa kila mahali, karasha za kusaga mawe zikaanza kunguruma kutwa nzima. Kwenye kijito walitengeneza mwalo, mahali pa kuoshea mchanga, na maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa. Miti ya kilimani ilikatwa yote ikawa matimba ya kushikilia kuta za maduara. Nyuki wakubwa, waliokuwa wanaishi kwenye miti ile, waliondoka. Msimu ule maboga ya majirani yalianguka yakiwa mayai. Ya Waisiko yalikaa.

Stanslaus alifika wakati huo. Ni mwenye duara, mtu wa Geita, mpole, anayebeba karai kwapani kama wengine wanavyobeba Biblia. Aliamkia vizuri, akaomba konzi moja ya udongo wa kichuguu. Wachimbaji wa kila mahali wanafanya hivyo. Wanaamini kwamba mchwa huleta juu udongo wa chini kabisa, na ukiosha udongo huo utajua kilichopo bila kuchimba. Waisiko hakuona ubaya. Konzi ya udongo ni nini? Stanslaus akakwangua pale ilipokuwa rahisi, kuzunguka kimrija cha nyuki, ambapo palikuwa na tope laini lililokauka juu juu. Akaenda kuosha. Kwenye kona ya karai zikabaki chembe nne au tano, njano, zinang'aa.

Jua lilipozama habari ilikuwa imefika kwenye kila hema. Simioni naye alikuwa ameshafika kwenye mahema hayo, akisema shamba ni la kaka yake, kwa hiyo ni la ukoo, kwa hiyo ni lake, waje tu.

Asubuhi wakaja wanaume na machepe na sururu. Walimkuta Waisiko ameketi juu ya kichuguu na ungo mapajani, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama," Stanslaus akasema.

"Marahaba. Mnamzika nani?"

"Hatuziki mtu, mama."

"Machepe yote haya asubuhi, nikajua kuna msiba."

Stanslaus akakuna kichwa. "Mama, tusizunguke. Chini yako kuna mali."

"Chini yangu kuna khanga. Kilicho chini ya khanga hakikuhusu."

Vijana wakacheka mpaka mmoja akakalia chepe lake. Simioni akaona mambo yanaharibika, akasogea mbele.

"Shemeji, shuka. Hilo ni shamba la kaka yangu."

"Kaka yako umekuja naye?"

"Usifanye mchezo na marehemu. Mwanamke hawezi kuzuia mali ya ukoo."

"Mura," Waisiko akamwambia, yaani kijana, na hapa aliacha maharage, "siku nilipomtolea Regina ng'ombe ulikuwepo. Ulikula nyama, ukaomba na mfupa ukapeleke kwako. Siku hiyo hukusema mimi ni mwanamke. Umenifahamu leo?"

Simioni akashika kola ya koti lake. Waisiko akamgeukia Stanslaus. "Na wewe, leseni yako ya kuchimba hapa iko wapi?"

"Rashi haina leseni, mama."

"Basi na mimi sina ruhusa ya kushuka."

Hakushuka. Jua lilipanda, maharage yakaisha, Regina akamletea mengine. Wachimbaji wakaona hawawezi kumbeba mama wa watu mchana mbele ya majirani. Wakaondoka, lakini si bila neno. Tutarudi siku ya mnada wa ng'ombe ikipita, walisema. Ukiwa umeshuka sawa, na kama hujashuka tutakuzunguka tuchimbe kutokea chini.

Jioni ile, Regina ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi pia ningeliuliza. "Mama, kama ipo kweli? Si tuchimbe sisi?"

Waisiko hakumkasirikia. Alimwambia atazame ng'ambo ya uzio, kwa Beatrice, jirani yao aliyewaachia wachimbaji shamba lake. "Beatrice walimwahidi mgao. Jana mbuzi wake katumbukia kwenye mgao huo, mpaka sasa wanamvuta kwa kamba." Kisha akasema jambo ambalo Regina analikumbuka neno kwa neno: "Nilimkatalia mume wangu niliyempenda, nije nimkubalie Simioni?"

Sasa, Regina huteka maji juu ya mwalo, ambako kijito bado ni safi. Kesho yake alipokuwa anarudi na ndoo kichwani, alipita ukingoni mwa mwalo, akaona kwenye tope la mchanga uliokwisha oshwa kuna vidudu vyeusi vidogo vinatembea. Akatua ndoo. Walikuwa nyuki wadogo, wengi. Kila mmoja alikuwa anafinyanga tope, anajibandika miguuni, anaruka. Wote walielekea upande mmoja, nyumbani kwake.

"Nilikimbia nikasahau ndoo," Regina anasema.

"Alisahau na viatu," Waisiko anaongeza.

Nyuki hawa hutumia tope na utomvu wa miti kukandika mlango wao. Miti ilikuwa imeisha kilimani, wakawa wanatumia tope zaidi, na tope la karibu lenye unyevu kila wakati lilikuwa la mwalo. Humo, hata mchanga ukioshwa vizuri namna gani, chembe mbili tatu hubaki. Wachimbaji walikuwa wameosha dhahabu yao wenyewe mara ya pili. Waisiko alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwita Stanslaus aje na karai.

Alimfungulia mlango wa nyuma. Stanslaus akaingiza mkono mpaka begani, akatoa udongo wa ndani kabisa, akauosha mbele ya wenzake waliokuja kushuhudia. Karai likabaki jeusi, hakuna kitu. Akakwangua mlangoni kwa nyuki, akaosha. Chembe tatu. Akasimama anaangalia nyuki mmoja anatua na tope lake.

"Jamani," akasema, "nimeibiwa na hawa."

"Stanslaus kachimba miguu ya nyuki!" mwenzake mmoja akapiga kelele, na jina hilo, Miguu ya Nyuki, likamshika tangu siku ile.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Ukweli ukijulikana, nilifundishwa, watu huufuata. Mchana ule ule wachimbaji ambao hawakufika walianza kuulizana kwa nini Stanslaus amebadilisha maneno. Jana ipo, leo haipo? Amepatana na mjane. Wanataka kuchimba wawili. Kufikia jioni, hadithi ya nyuki na tope ilikuwa ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote: ni nani angetunga uongo wa namna ile kama hafichi mali nyingi? Sasa hata waliokuwa na maduara mazuri upande wa pili walinoa sururu zao wakisubiri mnada upite.

Stanslaus alikuja mwenyewe kumwambia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa kutwa. "Mama, nikisema ipo wanachimba. Nikisema haipo, wanachimba zaidi. Nimeshindwa. Wananiita mwizi."

Waisiko akamwita Regina, akamuuliza swali lililoonekana halihusiani. "Nyumba yako inavuja?"

"Inavuja tangu masika. Si nilikuambia?"

"Basi nakujengea nyingine. Pale."

Akaonyesha kichuguu.

Hapa lazima nieleze tena. Kwa Wakurya kila mke ana nyumba yake, na nyumba ni ya mke kuliko ilivyo ya mume. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali ninapojua. Lakini muulize mtu yeyote Busawe kama aliwahi kuona mwanamume akiingia na chepe ndani ya nyumba ya mke wa mtu mwingine, moto ukiwaka mekoni, atakutazama kama mgonjwa. Uwanja unagombewa, na shamba pia. Ndani ya nyumba ya mke hakuna anayegombea, kwa sababu aibu yake ingemfuata mpaka kwa wajukuu.

Tatizo lilikuwa nguzo. Miti yote ilikuwa ndani ya maduara. Waisiko alikuwa bado anawaza ang'oe zipi kwenye zizi, mara akamwona Stanslaus anapanda njia na timba begani. Akalitua, akarudi, akaleta jingine.

"Duara lako litashikwa na nini?" Waisiko akamuuliza.

"Nalifunga. Nani atafanya kazi na Miguu ya Nyuki?"

Wanawake wa jirani walikuja kukandika. Beatrice alikuja na mbuzi wake, sasa amefungwa kamba fupi. Nyumba iliinuka haraka, vyumba viwili, na kichuguu kikiwa ndani ya chumba cha kulala, ubavu wenye kimrija umeegemea ukuta wa nje. Pale waliacha tundu la ukubwa wa ngumi ili nyuki wapite. Mlango wa nyuma wa asali ulibaki ndani, karibu na kitanda. Mabati yalitolewa kwenye nyumba ya zamani.

"Udongo tuchukue wapi?" mmoja aliuliza.

"Popote, ila si mwalo," Regina akajibu. "Ukuta ukianza kung'aa watachimba nyumba na mimi ndani."

Simioni alipita akasimama. "Shemeji, umerukwa na akili? Mtu anajenga juu ya kichuguu?"

"Ndani yake kuna watu. Karibu ukandike, koti tutakushikia."

Mnada ulipopita, walikuja kama walivyoahidi, wengi kuliko mara ya kwanza. Kuta zilikuwa bado mbichi, unaweza kuandika jina kwa kidole, lakini moto ulikuwa unawaka mekoni na Regina alikuwa ndani anapika ugali. Waisiko alikalia kigoda mlangoni.

"Karibuni," akasema. "Hii ni nyumba ya mke wangu. Anayetaka kuingia na chepe aseme kwanza jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, hawa mama wasikie."

Wanawake waliokandika walikuwa wamekaa ukutani na mikono yao ya udongo, wakisubiri majina. Hakuna aliyetaja. Wachimbaji wa kuja wakawatazama wenyeji, wenyeji wakatazama miguu yao. Mwishowe wakamsukuma Simioni. "Ingia wewe! Si ulisema ni kwenu?"

Simioni akapiga hatua moja. Kutoka ndani sauti ya Regina ikasema polepole, "Shemeji, ngoja nivae."

Sidhani kama kuna maneno yaliyowahi kutawanya jeshi haraka zaidi. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaruka kwa wachimbaji, na Simioni akarudi nyuma akakanyaga karai la mtu. Alipopata sauti, alikuwa na hasira ya kweli.

"Mnacheka! Hii yote ni kwa ajili ya wadudu! Na wadudu wenyewe hawapo, tazameni!"

Watu wakatazama. Kwenye tundu la ukuta hakukuwa na nyuki hata mmoja. Kimrija kilikuwa kimezibwa na utomvu mweusi, kimefungwa kama chupa. Moshi, kelele, ukandikaji: nyuki wadogo hawana mwiba wa kujitetea, wanachofanya ni kujifungia. Wakati mwingine hufungua. Wakati mwingine huwa wameshaondoka kwa njia nyingine.

Waisiko alikuwa ameliona jambo hilo tangu alfajiri na hakumwambia mtu. Alisimama kwenye kigoda chake.

"Sikia, Simioni, na nyie wote. Nyuki hawa wakihama wenyewe, njooni mchimbe, na mimi nitawashikia karai. Lakini wakifungua mlango wao, mtu asinisogelee tena kwa habari ya kichuguu hiki, mpaka nife, na nikifa mtamkuta Regina."

"Mpaka lini?" mmoja akauliza.

"Maboga yangu yako kwenye maua. Maua yakiisha bila nyuki kutoka, basi."

Wakakubali. Stanslaus alishuhudia, na Beatrice, na kila aliyekuwepo.

Regina alimgombeza Waisiko jioni nzima kwa ahadi ile. Waisiko alimjibu kwamba kama nyuki wamekwenda, hakuna sababu ya kubishana, na kama hawajakwenda, hakuna sababu ya kuogopa. Lakini alihamisha meko, akaweka mafiga nje, mbali, moshi usifike. Alikataza kutwanga karibu. Kila alipopita chumbani aliweka sikio kwenye kitako cha chungu. "Wapo," alisema. "Nawasikia. Wamekasirika tu." Regina alipoweka sikio lake alisikia kitu, au alifikiri amesikia. Nilipoweka langu, nilisikia moyo wangu.

Asubuhi nyingi sasa zimepita. Maua ya mwisho yamebaki kwenye mistari miwili ya chini, karibu na uzio wa Beatrice. Leo nimefika kabla ya jua nikakuta wengine wameshafika: wanawake wa kukandika, Stanslaus na karai lake ambalo sasa analitumia kama kiti, wachimbaji wachache waliokuja kuona kama watashinda. Simioni amesimama ng'ambo ya uzio, hataki kuonekana amekuja. Maua yamefunguka, makubwa, ya njano, yamejaa umande. Hakuna sauti shambani, hata karasha hazijaanza.

Regina ametoka ndani mbio, mkono mdomoni. Anasema ndani ya kichuguu kunakwaruza. Si mlio, kunakwaruza, kama kitu kinachotafunwa, na ni upande wa ukutani.

"Labda panya," mchimbaji mmoja anasema.

"Panya ni wewe," Beatrice anamjibu.

Jua linapanda juu ya kilima kisicho na miti. Ua la kwanza kule chini limeanza kukunja ukingo wake. Waisiko amesogeza kigoda mpaka karibu na tundu la ukuta, uso wake umelitazama, mikono imetulia mapajani.

"Aliyechoka akalime," anasema bila kugeuka. "Mimi nipo."

Hakuna anayeondoka. Katikati ya utomvu ule mweusi pametokea alama ndogo, mbichi, kama iliyochomwa kutoka ndani kwa ncha ya sindano, na sote tumeinama tuione vizuri.